Abiria wa Voi wenye urefu wa milimita 19

Swali: "Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa historia hapa Voi. Nikiwa na wanafunzi wa chama chetu, tunajenga diorama, yaani mandhari ndogo ya mfano, ya stesheni yetu ya zamani ilivyokuwa mwaka 1958, treni ya Mombasa ikiwa imesimama na ile injini kubwa ya Garratt mbele. Injini tumeiunda kwa kadibodi, urefu wake sentimita 36 na nusu. Ubao wote una sentimita 150 kwa 50. Majengo yamekwisha, lakini hakuna hata mtu mmoja. Nimepewa boksi la askari wa plastiki wa 1:72, na marehemu babu yangu aliacha askari saba wa madini ya risasi. Mtandaoni naona visanamu chungu nzima, ila karibu vyote ni Wazungu waliovaa makoti. Ninunue skeli gani? Vilivyopakwa rangi au nipake mwenyewe? Na vingapi? Hela yetu ni kidogo, sitaki kununua mara mbili."

Marahaba, Mwalimu, na pongezi kwako na kwa vijana wako. Umefanya vizuri kunitajia urefu wa injini, maana jibu la swali lako la kwanza limo humo. Garratt za daraja la 59 ziliundwa na Beyer Peacock kule Manchester, zikawa 34 kwa jumla, zikaingia kazini mwaka 1955 na 1956, kila moja na jina la mlima wa Afrika Mashariki. Injini halisi ina takriban mita 31.7. Zigawanye kwa sentimita zenu 36 na nusu: unapata 87. Basi mmejenga kwa skeli ya 1:87, ile wapenzi wa treni wanayoiita HO, na watu wenu hawana budi kuwa wa 1:87.

Boksi la 1:72 liweke kando. Najua linauma kuwa na watu arobaini bure na usiwatumie, lakini fanya hesabu. Mtu wa sentimita 170 katika 1:87 ana milimita 19 na nusu. Katika 1:72 anakaribia milimita 24. Msimamishe huyo wa pili kando ya behewa lenu na amekuwa jitu la zaidi ya mita mbili, bega lake liko dirishani na mlango haumtoshi. Mtazamaji hatajua kosa liko wapi. Ataona tu kwamba treni imekuwa ya kuchezea, na kazi yenu yote ya kadibodi itakuwa imeharibiwa na watu ambao hata hamkuwanunua.

Hata boksi likiandikwa 1:87, pima. Airfix wa Uingereza walipoanza kuuza watu wa plastiki mwaka 1959 waliweka HO na OO juu ya boksi moja, ilhali HO ni 1:87 na OO ni 1:76. Skeli hizi hazikupangwa na mtu mmoja zipatane. HO ni milimita tatu na nusu kwa kila futi. Injini za Kiingereza ni nyembamba, na mota za umeme za zamani zilikataa kuingia ndani yake, hivyo Waingereza wakaunenepesha mwili hadi milimita nne kwa futi na kuiacha reli ileile ya HO chini yake. Hiyo ndiyo OO. Na 1:72 ni hesabu ya inchi moja kwa futi sita. Siku hizi kuna mifuko ya bei rahisi mno yenye watu mia, na ndani ya mfuko mmoja nimekuta wa milimita 17 na wa milimita 23 wakiwa na sura ileile, mmoja akiwa nakala ya mwenzake iliyotanuliwa.

Mimi hupima kutoka unyayo hadi macho. Utosi una hila: kofia, kilemba, nywele zilizofungwa juu, vyote vinaongeza urefu. Katika 1:87, macho ya mwanamume wa kawaida yawe kwenye milimita 18 hivi, ya mwanamke 17 au zaidi kidogo. Mtoto wa darasa la pili awe na milimita 14 toka unyayo hadi utosi. Rula ya shule inatosha, isimamishe wima nyuma ya kisanamu na utazame kwa kioo cha kukuzia. Ondoa kwanza kile kitako cha plastiki miguuni, kinaongeza milimita nzima. Usitake wote walingane, kwani hata kwenye mstari wa gwaride la shuleni kwenu hawalingani. Unachokitafuta ni kwamba yule mrefu kupita wote awe mtu mrefu, asiwe mtu wa skeli nyingine.

Kichwa nacho kipime. Urefu wa mtu mzima ni kama vichwa saba na nusu, kwa hiyo katika skeli yenu kichwa kinakaribia milimita 2.6. Hapa ndipo utakapowatambua visanamu vya michezo ya vita vya milimita 28. Vichwa na mikono yao hufanywa mikubwa makusudi ili mchezaji awaone kutoka upande wa pili wa meza. Nakutajia hao kwa sababu ukitafuta neno "Afrika" mtandaoni ndio watakaokujia mbele. Wargames Foundry wa Uingereza, kwa mfano, wana mfululizo mzima wa Afrika ya karne ya 19, na uchongaji wake ni mzuri. Lakini ni wapiganaji, ni wakubwa, na wako miaka sabini kabla ya abiria wako.

Mahali pamoja tu panaruhusu skeli nyingine: nyuma kabisa, karibu na ubao mliochora mlima Sagalla. Mkitaka barabara iende mbali, weka pale watu wawili watatu wa 1:160, wenye milimita 10 na nusu, na jicho litaongeza umbali lenyewe. Kati yao na jukwaa la stesheni pasiwe na mtu. Afisa wa Kiingereza William Siborne alithubutu zaidi ya hapo. Mfano wake wa vita vya Waterloo, ulioonyeshwa London mwaka 1838 na sasa uko National Army Museum, una visanamu zaidi ya 70,000 vya milimita 10 hivi, na wote ni wakubwa kupita ardhi wanayoikanyaga. Kama angefuata skeli ya ardhi, wanajeshi wangekuwa chembe za milimita tatu tu. Yeye alifaulu kwa kuwa mfano ule hutazamwa kama mtu aliye juu ya kilima. Wenu utatazamwa na mtoto aliyeweka kidevu kwenye ukingo wa meza.

Sasa nije kwenye jambo ninalolijali kuliko skeli.

Diorama yangu ya kwanza ya stesheni ilikuwa na watu sitini, wote wa 1:87 sawasawa, wamepakwa rangi kiwandani, kila mmoja mzuri ukimtazama peke yake. Nilimwalika jirani aliyekuwa gadi wa treni kwa miaka mingi aje kuiona. Aliinama, akatazama kimya kwa muda mrefu, halafu akauliza: "Mizigo yao iko wapi?" Nilipotazama upya nikaona alichokiona. Watu wangu walikuwa wamepita tu. Hakuna aliyechoka, hakuna aliyekalia sanduku, hakuna aliyemshika mtoto mkono asije akaangukia relini. Wiki ile niliwang'oa wote, na tangu hapo sijanunua kisanamu kabla ya kujiuliza mtu huyu amekuja stesheni kufanya nini na amebeba nini.

Kwa hiyo, Mwalimu, usihangaike sana na makoti ya Wazungu. Nguo hubadilika kwa wembe, pati (ule udongo laini wa kufinyangia) na rangi. Mkao haubadiliki. Chagua mkao: uzito wa mwili umeegemea mguu upi, bega lipi limeshuka, shingo imeelekea wapi, mkono uko tayari kushika nini. Mwanamke wa Kijerumani aliyesimama miguu pamoja, mkono mmoja umekunjwa tumboni, ni mama wa Voi anayengoja, kilichobaki ni kumvika. Kijana aliyekunja goti akiinua begi ni mpagazi. Wakatae wale wanaokimbia, wanaopunga mkono juu, wanaocheka na kichwa nyuma, wanaopiga picha. Kitendo cha nusu sekunde kikigandishwa kwa miaka kumi humchosha mtazamaji. Mtu anayengoja, anayeegemea, aliyechuchumaa, anayesikiliza, huyo unaweza kumtazama hata kesho. Punga mkono mmoja tu kwa diorama nzima, na uuweke dirishani kwenye behewa la mwisho.

Nunua visivyopakwa rangi. Preiser wa Ujerumani, ambao wamekuwa katika kazi hii tangu 1949, huuza maboksi ya 1:87 ya watu zaidi ya mia wakiwa bado plastiki tupu: wafanyakazi wa reli, abiria, wapita njia, waliokaa na waliosimama. Boksi moja la namna hiyo, bei ya kila mtu ukiigawanya, ni nafuu mara nyingi kuliko pakiti ya watu sita waliopakwa. Wapo pia wanaouzwa bila nguo kwa ajili ya mandhari za ufukweni, na kwa mtu anayetaka kuvisha kanzu na kanga hao ni dhahabu, kwa kuwa hakuna kola wala mkoba wa kuchonga kwanza. Ni plastiki ngumu: inakatika safi, inakubali msasa, na gundi ya plastiki huiyeyusha kidogo ikashikana kuwa kitu kimoja. Askari wako wa 1:72 huenda ni wa plastiki laini kama ya ndoo. Hiyo hupindika badala ya kukatika, gundi haiishiki, na rangi hubanduka ukiikunja. Wape wanafunzi wa kidato cha kwanza wafanyie mazoezi ya brashi.

Nakuonyesha mtu mmoja tu kwa ukaribu, mama mwenye kanga, halafu wengine utawatengeneza mwenyewe.

Chukua mwanamke aliyevaa koti la kufika magotini. Kwa wembe mpya ondoa mkoba, ukingo wa kofia na kola. Kwangua taratibu, wembe ukiwa umelala, mpaka kichwa kiwe laini. Kanga halisi ina upana wa kama sentimita 110 na urefu wa 150, kwa hiyo yako itakuwa milimita 13 kwa 17. Karatasi ya daftari haifai. Unene wake ni kama moja ya kumi ya milimita, na ukizidisha kwa 87 umemvika mtu godoro. Tumia karatasi ya kusokotea sigara. Paka rangi kabla ya kukata: mji kwanza, yaani sehemu ya katikati, kwa rangi moja iliyokolea, kisha pindo kuzunguka pande zote, kisha nukta chache katikati. Kuhusu jina la kanga, usijaribu kuandika. Mstari mwembamba mweupe juu ya pindo la chini, na juu yake vinukta vyeusi vitano au sita kwa ncha ya sindano, vinatosha. Nimeona watu wakiinama kujaribu kusoma.

Rangi ikikauka, kata vipande viwili, chovya cha kwanza kwenye gundi nyeupe iliyoongezwa maji, mzungushie kwa kibano kutoka kwapani hadi juu ya vifundo. Kivute kidogo mbele ili mikunjo ianguke kuelekea mguu uliobeba uzito. Acha kikauke kabisa. Cha pili kipitishe kichwani na mabegani, ncha moja uitupe nyuma. Akiwa na mtoto mgongoni, kabla ya kanga ya pili bandika donge la pati la ukubwa wa punje ya mtama, na juu yake donge dogo zaidi liwe kichwa, kimegeukia pembeni kama mtoto anavyolalia. Akiwa na kikapu kichwani, punje ya giligilani iliyokatwa nusu ina milimita nne hivi, sawa na kikapu cha sentimita 35. Lakini hapo rudi kwenye mkao tena: mwenye mzigo kichwani shingo yake imenyooka na macho yanatazama mbele. Ukimpachika kikapu mwanamke aliyeinamisha kichwa, mwanafunzi yeyote wa Voi atakuambia kitaanguka.

Kanzu ni rahisi zaidi. Jaza pati kati ya miguu, isawazishe kwa brashi iliyoloweshwa maji, ichore mikunjo miwili mitatu mirefu. Usiipake nyeupe kabisa. Nyeupe safi juu ya kitu kidogo hivyo hung'aa kama taa. Anza na rangi ya maziwa yaliyochanganywa na kijivu kidogo, kisha nyeupe ipitie mabegani na juu ya mikunjo tu.

Ngozi nakusihi uichukulie kwa uzito. Katika mifuko ya bei rahisi, akiwamo Mwafrika, amepakwa nyeusi tii kama kiatu, midomo myekundu. Usiruhusu kitu hicho kiingie mikononi mwa wanafunzi wako. Changanya hudhurungi iliyokolea na nyekundu ya udongo, tone la manjano ya haradali, na ubadilishe kiasi kwa kila watu watano ili wasifanane. Panapopiga mwanga, yaani paji la uso, pua, mashavu, juu ya vidole, ongeza haradali au nyekundu, kamwe usiongeze nyeupe, kwa sababu nyeupe hugeuza ngozi kuwa jivu. Macho usiyachore. Katika milimita 2.6 za kichwa, kivuli chembamba chini ya paji la uso ndicho macho. Stesheni ya Voi mwaka 1958 ilikuwa na Wataita, Wakamba, Waswahili wa pwani, makarani na mastesheni masta wa Kihindi, madereva Singasinga, Mzungu mmoja mmoja wa daraja la kwanza. Rangi za watu wako zitasimulia historia hiyo bila maelezo ukutani.

Jambo jingine la historia kabla sijasahau: Garratt za 59 zilichoma mafuta. Katika maboksi ya wafanyakazi wa reli utakuta bwana mmoja mwenye sepetu la makaa, na ni kisanamu kizuri. Asikanyage jukwaa lenu. Mkate sepetu hilo, mpe fimbo ya bendera, awe gadi.

Idadi. Ubao wenu una mita moja na nusu, na injini peke yake imekula robo. Mimi ningeweka watu arobaini, arobaini na tano wakizidi. Wengi wao ningewakusanya mahali pawili, si kuwatawanya kama mbegu. Palipo mlango wa daraja la tatu pawe na msongamano wa watu kumi na tano hivi, waliokaribiana hadi mabega yanagusana, masanduku ya bati miguuni. Chini ya kivuli cha jengo, familia inayobadilisha treni kwenda Taveta na Moshi. Voi ilikuwa njia panda tangu reli ya kijeshi ya Vita Kuu ya Kwanza ilipojengwa kuelekea kule, kwa hiyo lazima wawepo watu ambao treni ya Mombasa haiwahusu. Hao wakae. Mwanamume mmoja amelala juu ya mkeka, kofia usoni. Wauza ndizi na mayai chini ya madirisha, nyuso juu. Dereva ameshuka anaangalia gurudumu. Kisha sehemu ndefu ya jukwaa iliyo tupu kabisa, ambapo yupo mtu mmoja tu. Utupu huo ndio utakaoufanya msongamano uonekane msongamano.

Mizigo iandae mingi kuliko watu. Sanduku la bati la sentimita 80 linakuwa milimita 9, kijiti cha plastiki kikikatwa na kupakwa rangi kinatosha. Gunia ni pati iliyobonyezwa kwa kitambaa chenye nyuzi nene. Mkeka ni karatasi ya sigara iliyosokotwa.

Na macho yao yakutane. Kata shingo kwa wembe, geuza kichwa kidogo, gundisha. Ni dakika mbili za kazi. Watu watatu wanaotazamana ni mazungumzo. Watatu wanaotazama pande tatu ni bidhaa rafuni. Njia hiyohiyo huondoa tatizo la pacha, maana ukinunua maboksi mawili utakuwa na kila mtu mara mbili. Badilisha vichwa, elekeza mmoja kushoto na mwenzake kulia, umvike mmoja kanzu, uwaweke mbali kwa sentimita hamsini.

Askari wa babu. Wageuze uangalie chini ya kitako. Kama pana jina Britains, ni wa ile kampuni ya London iliyoanza mwaka 1893 kumimina askari wa risasi wenye uwazi ndani, jambo lililowafanya wawe wepesi na wa bei nafuu. Watakuwa na milimita 54 hivi, karibu mara tatu ya abiria wenu, kwa hiyo kwenye diorama hawana nafasi. Tafadhali usiwapake rangi mpya, hata kama ya zamani imebanduka. Rangi ya kwanza ndiyo thamani yao, kwa mkusanyaji na kwa ukoo wenu. Risasi ni sumu: wanafunzi wasiwashike, nawe unawe mikono kila ukiwagusa. Usiwafungie katika kabati la mbao, hasa mbao kali kama mwaloni, kwa sababu mvuke wa asidi unaotoka kwenye mbao hula risasi na kuacha unga mweupe. Boksi la plastiki lenye matundu madogo, karatasi isiyo na asidi, mahali pakavu. Voi mna bahati ya hewa kavu. Sisi wa Mombasa tunapambana na unyevu kila mwaka.

Kuhusu kununua: visanamu ni vyepesi kupita kiasi. Boksi la watu mia na ushei linaenea katika mfuko wa shati, kwa hiyo kama una ndugu au mwanafunzi wa zamani aliye Ujerumani au Uingereza anayekuja likizo, mwombe akuletee, utaokoa gharama za posta na usumbufu wa forodha. Anza na boksi moja la abiria wasiopakwa na pakiti ndogo moja ya watu waliokaa. Usinunue la pili kabla ya kumaliza watu kumi na tano wa kwanza, maana ndipo utakapojua ni mikao ipi inayokupungukia. Weka daftari: namba ya boksi, tarehe, bei, urefu uliopima, na kila mtu amekwenda wapi. Mabaki yasitupwe. Mikono, kofia, vichwa vilivyokatwa, viweke kwenye kopo moja. Kisanamu changu nikipendacho zaidi, mzee anayefunga kamba za gunia, kimetokana na watu watatu tofauti waliokuwa koponi.

Kabla ya rangi, osha kwa maji vuguvugu na sabuni, kwangua ile mishono ya kalibu ubavuni, kisha paka praima, yaani rangi ya msingi, ya kijivu nyembamba. Wasimamishe juu ya vijiti vya meno kwa gundi kidogo ili usiwashike kwa vidole. Rangi za maji za akriliki zinafaa darasani kuliko za mafuta, hazina harufu kali. Kumbuka kwamba rangi juu ya kitu kidogo huonekana nzito kuliko ilivyo, kwa hiyo ifanye hafifu kidogo kuliko nguo halisi. Maliza kwa vanishi isiyong'aa. Kung'aa kuache kwa injini.

Usiwagundishe chini mapema. Toboa unyayo mmoja kwa sindano ya moto, tia uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme wa zamani, na umchomeke mtu ubaoni. Utawahamisha mara ishirini kabla ya kuridhika, na kila mara piga picha ukiwa umeshusha simu hadi usawa wa macho yao.

Halafu nendeni na wanafunzi hadi stesheni ya zamani, ile ya reli nyembamba, mkachukue kikombe kimoja cha udongo mwekundu. Ukausheni kwenye karai, usagwe, muuchekeche kwa kipande cha soksi ya nailoni mpaka uwe kama poda. Upakeni kwa brashi kavu kwenye miguu ya kila mtu, kwenye upindo wa kila kanzu, chini ya kila sanduku, kidogo kwa waliofika sasa hivi na zaidi kwa waliotembea tangu asubuhi. Yule mwanamume aliyelala kwenye mkeka mpakeni hadi magotini.